Baba Mlinzi wa Mwambani

Juma hili tunawaalika mbali na nyumbani, kwenye pwani ya California nchini Marekani. Huko, kuanzia ghuba ya Monterey kushuka hadi Baja California ya Meksiko, maji ni baridi kuliko yetu, na mahali pa matumbawe pana miamba yenye nyufa na mapango, iliyofunikwa na misitu ya mwani mrefu. Katika miamba hiyo Mwenyezi Mungu amemweka samaki wa rangi ya chungwa iliyokolea, aitwaye garibaldi. Jina lake latokana na jemadari wa Italia, Giuseppe Garibaldi, ambaye wafuasi wake walivaa mashati mekundu.

Linalotugusa katika kurasa hizi za familia ni malezi yake. Majira ya kuzaliana yakaribiapo, dume huchagua kipande cha mwamba na kukisafisha kwa mdomo wake. Huondoa takataka, humbeba kiti cha pweza akamtupe mbali, hung'oa mimea yote isipokuwa mwani mwekundu, ambao huupunguza kama mtu apunguzaye ndevu. Kazi hiyo huweza kuzidi mwezi mmoja. Ndipo majike huja, hutaga, na kufukuzwa papo hapo, kwani wao wenyewe huweza kuyala mayai. Kwa wiki mbili hadi tatu dume huyalinda peke yake, akiyapepea maji kwa mapezi, na hathubutu kumwogopa hata mpiga mbizi.

Hatumfanyi samaki kuwa kigezo. Kigezo chetu ni Mtume (s.a.w.), na isitoshe dume huyu mara nyingine hula baadhi ya mayai anayoyalinda. Lakini tumechoka kuwasikia akina baba wakidai kwamba maumbile yenyewe yamemwachia mama malezi, na kwamba mwanamume akishaleta posho amemaliza. Maumbile hayasemi hivyo. Atakaye kukaa barazani hadi wanawe walale, na atafute hoja nyingine.

Sheria ya California inakataza kumvua garibaldi, na tangu 1995 ndiye samaki rasmi wa bahari wa jimbo hilo. Mayai yakianguliwa, vitoto huchukuliwa na maji, na baba hana tena la kuwafanyia. Mwaka unaofuata yupo kwenye mwamba uleule, akiupunguza mwani.