Safari za Magofu

Anayejiunga na chama cha historia visiwani humu aghalabu hujiunga kwa ajili ya safari. Na safari hizo zina njia yake isiyobadilika: Kizimkazi Dimbani, kutazama maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladia, Ras Mkumbuu, kutazama makaburi ya nguzo, Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume. Gari hukodiwa, chakula hufungwa, picha hupigwa mbele ya ukuta, na jioni wanachama hurejea mjini wakiamini wameizuru historia. Walichokizuru ni mawe yake.

Kuyapenda mawe si kosa. Kosa ni kutouliza nani aliyeyachagua. Sehemu kubwa ya vituo hivyo ilikwishapewa sifa na waandishi wa zama za ukoloni, akiwamo Pearce, Balozi Mkaazi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1920. Kwa waandishi wale, ustaarabu ulikuwa ni chokaa na jiwe la matumbawe, na penye jiwe lazima awe amepita mgeni kutoka ng'ambo ya bahari. Nyumba za miti na udongo, ambamo wengi wa wenyeji wameishi karne zote, hazikuhesabiwa. Ukoloni umeondoka, ratiba yake ya matembezi imebaki.

Tazama yanayotendeka Pujini. Mgeni huelezwa hekaya ya wake wawili waliogawiwa kisima kwa ukuta ili wasionane, huelezwa jinsi watu walivyobebeshwa mawe huku wakijikokota kwa matako, hucheka, kisha huondoka. Hekaya ina thamani yake, wala hapana sababu ya kuidharau. Lakini Adria LaViolette, aliyechimba hapo, anakiona chumba kile cha chini ya ardhi kuwa mahali pa ibada ya mizimu. Hilo ni jambo zito kwa yeyote anayetaka kujua Waislamu wa Pemba wa karne ya 15 waliishi vipi na imani zilizowatangulia. Je, chama gani kimewakalisha wazee wa Pujini na kuwauliza wanaonaje? Au inaogopewa kwamba watajibu?

Tumbe, kaskazini ya Pemba, ndiko aibu inakozidi. Watafiti wamefukua huko mji wa nyumba za udongo wa baina ya karne ya 7 na ya 10, wakapata vigae vya vyombo vilivyotoka mbali na, kwa wingi, vigae vyenye michirizi vilivyotumika kunolea shanga za kombe. Hao ndio watu waliodhaniwa hawana historia kwa kuwa hawakuacha kuta! Jirani yake, Chwaka ya Haruni, iliyostawi tangu karne ya 11, ina misikiti na makaburi, basi huko safari hufika. Tumbe hapana cha kupigia picha.

Punje zilizoungua ndizo zilizohifadhi habari kubwa zaidi. Sarah Walshaw alizichambua, na mwaka 2010 akachapisha matokeo yake: watu wa Tumbe walitegemea zaidi mawele, Chwaka ikaja kushikwa na mpunga. Mabadiliko hayo aliyahusisha na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Habari hiyo imechapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la wanataaluma. Mwanamke wa Tumbe anayeinama bondeni kupanda mpunga, ajuaye kila mbegu kwa jina lake na tabia yake, hajasomewa hata ukurasa mmoja. Kama angesomewa, huenda angekuwa na la kuongeza, au la kusahihisha.

Vyama hujitetea kwamba fedha hazipo. Fedha za kukodi gari zipo. Kufasiri kurasa kumi kwa Kiswahili kunataka mtu mmoja na usiku chache. Kuzisoma barazani baada ya sala ya alasiri hakutaki hata senti. Kuandika majina ya visima, mabonde, madiko na makaburi ya kijiji kimoja kunataka daftari na subira, na kunataka kufanywa sasa, kwani kila bibi anayezikwa huenda na majina ambayo hakuna ramani iliyoyachukua. Utetezi mwingine ni kwamba wazee hukosea tarehe. Wazungu je, hawakukosea walipowapa wageni kila ukuta waliouona?

Gari la safari likienda Chwaka hupita Tumbe. Husimama kidogo sokoni, wanachama wakanunua samaki, wakapanda tena.