Kosa la simu limerekebishwa, lakini marekebisho hayafiki Masisi

Coltan ya Rubaya, wilayani Masisi, na kasiterite ya Bisie, wilayani Walikale, zinazunguka dunia na kuingia ndani ya simu. Baadaye simu inarudi kuuzwa kwetu. Kitu kimoja mara nyingi hakiifuati: marekebisho ya makosa yake.

Simu nyingi za hapa zinatumia Android, na chini ya Android kuna kiini kinachoitwa Linux. Kiini hicho ndicho kinagawia kila programu kumbukumbu na zamu ya kufanya kazi. Makosa mawili ya kiini yanachosha sana mafundi.

La kwanza ni mkwamo. Fuso mbili zinakutana mahali pembamba kati ya Sake na Masisi, matope kila upande. Kila moja imekalia njia ambayo mwenzake anaitaka, na hakuna anayerudi nyuma. Ndani ya kiini pia, kazi mbili zinashika kila moja kufuli ambayo nyingine inangojea, na simu inaplante. Tangu 2006 Linux ina chombo kinachoitwa lockdep. Kinafuata utaratibu wa kushika kufuli, na utaratibu ukigeuzwa kinaonya hata kabla ya mkwamo kutokea.

La pili ni uharibifu wa kumbukumbu. Mtu amehama parsele, parsele ikapewa jamaa ingine, lakini yeye alibaki na ufunguo. Siku moja anaingia na kuhamisha vitu. Wenyeji wapya wanaona hasara bila kujua nani alipita. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kulifukuzia: linaanzia hapa, linaonekana kule. KASAN, chombo kilichoingia katika Linux mwaka 2015, kinatia alama kumbukumbu iliyoachwa na kumshika anayeigusa papo hapo.

Kwa hiyo wataalamu wanajua kutafuta makosa haya. Shida yetu inaanza wakisha kuyapata. Mwishoni mwa 2017, syzbot, mashine ya Google inayojaribu kiini usiku na mchana, iligundua kosa la namna hiyo ya ufunguo uliobaki, katika sehemu ya Android inayoitwa Binder. Linux ililirekebisha mwanzoni mwa 2018. Lakini Oktoba 2019 watafiti wa Google walitangaza kwamba simu nyingi zilikuwa bado na kosa hilo, kati yao Xiaomi Redmi 5A na Samsung Galaxy S7, S8 na S9, na kwamba kulikuwa na dalili kuwa watu wanalitumia kushambulia. Programu mbaya ikisha kuwekwa, ingeweza kutawala simu yote.

Kwetu mega ni bei kali, na programu tunapeana mkono kwa mkono kwa Xender. Tena mtu anayekimbia vita huacha nyumba na ng'ombe. Feza anazobeba ni zile za M-Pesa au Airtel Money. Kwake kosa la kiini ni swali la chakula cha watoto.

Wauzaji watasema simu ya bei ndogo haiwezi kuhudumiwa miaka mingi. Basi waseme hivyo mbele ya mnunuzi, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kartoni: marekebisho yataisha mwaka fulani. ARPTC iweze kuwalazimisha. Kati ya 2020 na 2022, kwa ushuru wa RAM, serkali ilijua kufikia simu ya kila mwanainchi ili imtoze. Ifikie pia yule anayeziingiza inchini.

Wanafunzi wa UNIGOM na ULPGL nao wasingoje. Linux iko wazi, lockdep na KASAN ni vya bure, na rekebisho likiwa sahihi linapokelewa hata likitoka Goma.

Nawe msomaji, fungua Paramètres na utafute tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, usiache feza nyingi humo, na usipokee programu usiyojua ilikotoka. Kosa lililorekebishwa mbali lakini likabaki mfukoni mwako bado ni kosa.