Mashine ya kupanga likizo haijui pasipoti yako

Leo tuongee habari za likizo. Ndiyo, likizo, tena ya ufukweni kule kusini mwa Ulaya. Usikimbie. Hii ni mada ya programu, na pia ni mada ya pesa zako.

Msimu wenyewe mnaujua. Julai ikifika Nyeri, jua linatutoroka. Ukungu unashuka kutoka Aberdare, Othaya wanavaa makoti ndani ya nyumba, na mtu aliyeketi ofisini anaanza kuandika "bahari" na "jua" kwenye kisanduku cha kutafutia. Wengi huishia Diani au Watamu, na hakuna ubaya wowote. Lakini wapo wanaotaka kuiona Mediterania kwa macho yao, wamejiwekea akiba, na wana haki ya kwenda kama mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa Liguria, pwani ya kaskazini-magharibi ya Italia, penye mji wa Genoa na vile vijiji vitano vya Cinque Terre vilivyoning'inia juu ya bahari. Kwa nini Italia? Kwa sababu Italia si mgeni huku kwetu. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika nchi ya Mlima Kenya mwaka 1902. Hapa Nyeri lipo kanisa la ukumbusho wa Waitaliano waliokufa wakati wa vita, na ndani yake amezikwa Duke wa Aosta, aliyefariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka. Mwaka 1943 mateka watatu, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Sehemu ya "ramani" yao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama!

Sisi tuna simu, tuna ramani za setilaiti, tuna picha za kila chumba cha hoteli. Habari tunazo kuliko Benuzzi. Na bado hatua iliyo muhimu kuliko zote kwa Mkenya anayepanga likizo hii haionekani popote kwenye skrini.

Hatua hiyo ni viza. Na hoja yangu leo ni hii: tovuti nyingi za kupanga safari zimeandikwa kwa ajili ya mtu asiyehitaji viza, sisi tunazitumia kama kwamba zimeandikwa kwa ajili yetu, na tofauti hiyo tunailipia sisi.

Utegemezi wa mzunguko

Waliosoma sayansi ya kompyuta wanaujua ugonjwa huu. Moduli A inasubiri moduli B imalize, na B nayo inasubiri A imalize. Hakuna inayosogea. Programu inaganda, wewe unaangalia skrini na skrini inakuangalia.

Sasa tazama likizo yetu. Italia iko ndani ya Schengen, eneo la nchi 29 zinazotumia viza moja ya muda mfupi. Ili upewe viza hiyo unatakiwa kuonyesha mahali utakapolala, mpango wa usafiri wa kwenda na kurudi, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ushahidi kwamba una fedha za kukutosha. Yaani viza inasubiri chumba na ndege. Lakini mtu mwenye akili timamu hawezi kulipia chumba na ndege kabla ya kujua kama viza itatoka. Chumba kinasubiri viza. Mzunguko umekamilika.

Mtu wa London au wa Boston hana mzunguko huu. Kwake kupanga ni mstari ulionyooka: tafuta, linganisha bei, lipa, panda ndege. Na tovuti zimechorwa kwa mstari huo huo. Ndiyo maana bei inayowekwa juu kabisa, kwa herufi za kung'aa, ni ile ya chini ambayo hairudishwi. Kwa mtu wa Boston hiyo ni nafuu. Kwa mtu wa Karatina hiyo ni bahati nasibu.

Ninaye binamu anayeuza vipuri vya magari Karatina. Alilipia chumba cha siku nane, bei isiyorudishwa, kwa sababu tovuti moja ilimwandikia kwa rangi nyekundu kwamba vimebaki vyumba viwili tu. Viza yake ilitoka, tena bila matatizo. Ilitoka siku nne baada ya tarehe ya kuingia chumbani. Akaandika barua pepe, akajibiwa kwa adabu kwamba masharti aliyakubali mwenyewe. Ni kweli, aliyakubali. Lakini hakuna mahali tovuti ile ilipomuuliza anasafiri na pasipoti ya nchi gani.

Taarifa zipo, ila zinatazamwa mwisho

Hapa ndipo mimi kama mwanaprogramu ninapokasirika. Mtu anaweza kusema, "Aah, kanuni za viza ni nyingi, zinabadilika, tovuti ya hoteli itazijua vipi?" Hoja hiyo ingekuwa nzito kama taarifa zenyewe zisingekuwepo. Zipo! Shirika la mashirika ya ndege duniani, IATA, lina hifadhidata inayoitwa Timatic. Unaipa uraia wa msafiri, anakokwenda na anakopitia, nayo inakujibu anahitaji hati gani. Mashirika ya ndege huitumia kukagua hati zako kabla hujapanda.

Kwa nini wao wanajisumbua? Kwa sababu wanaumia. Tangu mwaka 2001 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika yanayoleta abiria wasio na hati, na faini hizo zinahesabiwa kwa maelfu ya yuro kwa kila abiria. Tena shirika linabeba mzigo wa kumrudisha abiria huyo alikotoka. Basi wakaandika programu ya kukagua. Tovuti ya kuuza vyumba haiumii popote. Wewe usipofika, chumba kimeshalipiwa.

Kwa hiyo swali moja lile lile, "huyu anahitaji viza?", linaulizwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, wakati pesa zote zimekwenda, badala ya kuulizwa kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiwa mwanafunzi ukakagua data baada ya kuihifadhi badala ya kabla, mwalimu atakukata maksi. Hawa wanatengeneza faida.

Niwe wa haki. Baadhi ya mashirika ya ndege huuliza uraia mapema. Pia ni kweli kwamba jukumu la kujua masharti ya viza ni la msafiri. Sitaki tovuti iniombee viza. Nataka orodha moja ya kuchagua uraia na sentensi moja: "Wenye pasipoti ya Kenya wanahitaji viza kwa safari hii, tukuonyeshe kwanza vyumba unavyoweza kuvifuta bila kulipa?" Kazi ya kuandika hiyo si ya mwezi mzima.

Vitu viwili ambavyo mashine haioni

Cha kwanza ni hesabu ya usiku. Maombi ya viza hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi. Ukikaa sawasawa katika nchi mbili, ni ile utakayoingia kwanza. Tuseme umepanga usiku nne Liguria na nne Nice, ng'ambo ya mpaka, ukitua Milano. Huo ni ubalozi wa Italia. Tovuti inakushauri, kwa nia njema, kwamba ukitua Nice utaokoa shilingi elfu tatu. Unabonyeza. Hujabadilisha ndege tu, umebadilisha ubalozi! Sasa ni Ufaransa, na miadi yako ya Italia haina kazi. Mashine imeona bei, haikuona mpaka.

Cha pili kinatuhusu sisi wa mlimani zaidi. Ushahidi wa fedha mara nyingi ni taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na picha inayotarajiwa ni ya mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa chai wa Othaya au Mathira anapata malipo madogo ya kila mwezi, kisha bonasi kubwa mara moja kwa mwaka. Wa kahawa naye anasubiri malipo ya chama cha ushirika. Kwenye karatasi, pesa halali za bonasi zinafanana na pesa zilizoazimwa jana ili kupamba akaunti. Dawa yake ni ya karatasi pia: ambatisha taarifa za malipo kutoka kiwandani au chama cha ushirika, na barua fupi inayoeleza kila kiasi kikubwa kimetoka wapi. Usingoje uulizwe.

Jinsi ya kuukata mzunguko

Mzunguko wa utegemezi hukatwa kwa kuchelewesha kufunga. Unaandika nafasi ya kitu bila kukifunga mpaka utakapolazimika. Kwa likizo ya tarehe 10 Agosti, mpangilio wangu ungekuwa huu:

1. Amua nchi kuu na idadi ya usiku kwanza, uandike kwenye karatasi, na usiibadilishe kwa sababu ya punguzo la bei.

2. Shika chumba kinachofutika bila malipo, hata kama ni ghali kidogo. Tofauti ya bei ichukulie kuwa bima. Weka kwenye simu kengele ya siku ya mwisho ya kufuta.

3. Kwa ndege, kanuni za viza zinaomba nafasi iliyoshikwa, si lazima tiketi iliyolipiwa. Uliza wakala akushikie nafasi. Na ukiona njia ya kupitia London, kumbuka Uingereza haiko Schengen na ina masharti yake yenyewe.

4. Peleka maombi mapema. Dirisha hufunguka miezi 6 kabla ya safari, kwa mfano wetu tarehe 10 Februari, na hufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika siku 45. Aprili au mapema Mei ni wakati mzuri.

5. Weka bajeti ya ada: yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na kituo kinachopokea fomu kinatoza chake juu. Ukikataliwa hazirudi. Ongeza nauli ya kwenda Nairobi, maana alama za vidole hazitumwi kwa barua pepe. Habari njema ni kwamba zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59.

6. Viza ikitoka, sasa funga: lipia ndege. Treni za mikoa za Italia, kama zile zinazopita Cinque Terre, zina nauli isiyopanda hata ukinunua siku hiyo hiyo, kwa hiyo hizo ziache kabisa mpaka ufike.

Na ukiona tovuti inakuuzia kibali cha ETIAS, funga ukurasa. Mfumo huo ni wa watu wasiohitaji viza. Mwenye pasipoti ya Kenya haumhusu.

Mtandao peke yake hautatuokoa

Kuna wanaosema tusubiri, Ulaya inahamia mtandaoni. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuleta jukwaa moja la kuombea viza, na stika ya kwenye pasipoti itabadilishwa na msimbo wa kidijitali. Ni kweli pia kwamba tangu Oktoba 2025 mipaka yao ilianza kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri. Nafurahi kama fundi. Lakini angalia vizuri: hayo yote yanarahisisha kazi ya anayekagua. Chumba bado kitaisubiri viza na viza bado itakisubiri chumba. Ukihamishia mzunguko kwenye seva, unapata mzunguko unaokwenda kasi.

Kinachokosekana ni kifaa kidogo upande wa anayeomba, na hicho kinaweza kuandikwa Nyeri. Hakihitaji akili bandia. Kinahitaji uraia, tarehe, na usiku utakaolala kila nchi. Kinakupa nchi ya kuomba, siku ya kwanza na ya mwisho ya kupeleka maombi, na tarehe ambayo usivuke bila kufuta chumba. Hakihitaji nakala ya pasipoti yako, wala kisiiombe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakataza kukusanya taarifa kuliko zinavyohitajika, na mwandishi wa programu anayekusanya pasipoti za watu kwa ajili ya kalenda anatafuta balaa.

Wanafunzi wa Dedan Kimathi mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, mnanisikia? Tumeshakuwa na mifumo ya kutosha ya kusimamia maktaba. Andikeni hiki. Mtumiaji wa kwanza yuko Karatina, anauza vipuri, na mwakani anataka kujaribu tena.