Kiharusi: Presha ya kushushwa na ya kuachwa

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa hospitali presha ikisoma 200, ndugu hutaka ishushwe hapo hapo. Haraka hiyo yaweza kuua sehemu ya ubongo iliyokuwa bado hai.

Mshipa ukiziba, presha ya juu ndiyo inayosukuma damu kidogo ifike pembezoni mwa eneo lililoumia. Ndiyo maana miongozo ya tiba huivumilia hadi 220 kwa 120, isipokuwa mgonjwa anapopewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda; hapo lazima iwe chini ya 185 kwa 110. Mshipa ukipasuka, hesabu hugeuka: lengo ni karibu 140, tena mapema.

Utafiti wa INTERACT4 nchini China, uliochapishwa mwaka 2024, ulishusha presha ndani ya gari la wagonjwa, kabla ya kipimo. Waliovuja damu walinufaika, wenye mshipa ulioziba wakaumia. Kwa jumla, faida haikuonekana.

Kwa Afrika Mashariki matokeo hayo ni machungu, kwani hospitali nyingi za wilaya hazina mashine ya CT ya kutofautisha hali hizo mbili. Kisha huja uvimbe wa ubongo, ambao kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Kuondoa kipande cha fuvu ndani ya saa 48 huokoa maisha, lakini wapasuaji wa ubongo ni wachache, na wengi wako miji mikuu.

Vituo vya umahiri vya Jumuiya viliipa Kenya figo, Uganda saratani, Tanzania moyo. Ubongo haukupata kituo katika mgawo huo.