Fedha za Wazee si Shamba la Bibi

Katika vijiji vya Usukuma hakuna mwizi anayechukiwa kama mwizi wa ng'ombe. Yowe likipigwa usiku huko Bariadi au Itilima, kila mwanamume mwenye afya hutoka na fimbo yake, na wanaofuata nyayo hawarudi mpaka wajue mifugo imeelekea wapi. Ulinzi wa Sungusungu, uliochipuka katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulijengwa juu ya msingi huo: kwamba mali ya mmoja ikiibiwa, kijiji kizima kimeibiwa.

Lakini upo wizi mwingine ambao haupigiwi yowe. Haufanyiki usiku, wala anayeufanya havunji zizi. Hufanyika mchana kweupe siku ya malipo, na mwizi humwita anayemwibia "mama" au "babu". Huo ni wizi wa fedha ambazo umma umezitoa kwa ajili ya mzee asiyejiweza, awe kipofu, awe amepooza au amekatika mguu, zikapokelewa na mwanawe au mjukuu wake, na zisimfikie.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ndio ulioingiza fedha za aina hii katika vijiji vingi. Mkoa wa Simiyu nao uliundwa mwaka huo huo, ukiwa na wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, na makao makuu yake mjini Bariadi. Kaya maskini zilitajwa kwanza na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha zikahojiwa na kuandikishwa. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, mbali na nyongeza za watoto, na malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020, na ndani yake kaya yenye mtu mwenye ulemavu ikafikiriwa kwa nyongeza yake.

Kwa mtumishi wa mjini, shilingi 20,000 kwa miezi miwili huenda zisitoshe hata matumizi ya siku chache. Kwa mama asiyeona, ni sabuni, chumvi, mafuta ya taa na nauli ya kwenda kupimwa macho. Zaidi ya hayo, ni heshima ya kuwa na kitu kinachoitwa chake. Ndiyo maana hasara yake haiwezi kupimwa kwa hesabu ya shilingi peke yake.

Yafaa kuchukua mfano, ambao si wa mtu mmoja bali wa hali inayoweza kuonekana katika kijiji chochote. Mama mwenye umri wa miaka zaidi ya 70 amepofushwa na mtoto wa jicho. Hawezi kutembea hadi kituo cha malipo, hivyo mwanawe anaandikwa kuwa mwakilishi wake. Mara ya kwanza mwana anarudi na fedha zote. Mara ya pili anarudi na nusu, akisema kuwa alikuwa na deni la mbolea. Mara ya tatu anarudi usiku, harufu ya pombe ikimtangulia mlangoni, na anasema maneno mafupi: "Hela bado hazijatoka." Mama hana namna ya kujua. Haoni karatasi, hasikii majina yakisomwa, wala hana simu. Tangu siku hiyo fedha zake hutoka kila zinapotoka, isipokuwa kwake.

Taifa hili lina msimamo wa siku nyingi juu ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataza mtu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwataja wachache wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, na wale ambao lugha ya wakati ule iliwaita vilema. Kabla ya hapo, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alikuwa ameeleza katika andiko lake juu ya Ujamaa kwamba mzee wa Kiafrika aliyeonekana kukaa tu hakuwa mvivu, kwa sababu alikwisha kufanya kazi katika ujana wake wote. Katiba nayo, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kuwezesha haki ya kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu.

Kijana mwenye mikono miwili na macho mawili anapoishi kwa fedha za mama yake kipofu, mpangilio huo wote umegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Mwenye nguvu ndiye anayebebwa, na asiyejiweza ndiye anayebeba. Zamani kupe alitafutwa miongoni mwa mabwanyenye. Leo hapana budi kukiri kwamba kupe anaweza kulala chumba cha pili. Wahenga walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

Haki, hata hivyo, inataka mambo yapambanuliwe. Si kila mwana anayepokea fedha za mzazi wake ni mwizi. Yupo mkwe anayeamka alfajiri kumwogesha mzee aliyepooza, anayemfulia na kumlisha, na anayeacha shamba lake la pamba wakati wa palizi kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Kazi hiyo haina mshahara. Mama akila na wajukuu wake ugali ulionunuliwa kwa fedha zake, hajaibiwa, na pengine ndiyo furaha yake kubwa. Kijiji kitakachomnyooshea kidole kila mlezi kitakuta wazee hawana walezi.

Tena ruzuku ya TASAF ilipangwa kwa kaya, si kwa mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo mwizi hujificha. Husema, "Fedha ni za kaya, na mimi ni wa kaya." Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Kaya ilipotajwa katika mkutano wa kijiji, watu waliinua mikono kwa sababu waliujua uzee wa mama huyo na upofu wake. Hakuna aliyeinua mkono kwa ajili ya kiu ya mwanawe. Fedha za kaya ni za kuitunza kaya, kuanzia kwa yule aliyefanya kaya ihurumiwe.

Basi mpaka kati ya kula pamoja na kuiba uko wapi? Uko katika maswali matatu. Je, mzee anajua ni kiasi gani kimetoka, na kimetoka lini? Je, ameulizwa kitumike vipi? Na je, mwili wake, nguo zake na malazi yake vinaonyesha kwamba ametunzwa? Mlezi mwema hujibu maswali hayo bila kukasirika. Mwizi hukasirika kabla swali la kwanza halijaisha.

Maendeleo ya malipo kwa simu na benki yameondoa taabu moja na kuleta nyingine. Ni kweli kwamba foleni ya kituo cha malipo ni mateso kwa mzee, na kwamba fedha taslimu husafirishwa kwa hatari. Lakini usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, mzee asiyekuwa na kitambulisho cha taifa, au ambaye vidole vyake vililika kwa jembe la miaka 60, alijikuta akitegemea laini ya mjukuu. Ujumbe wa malipo huingia katika simu asiyoishika, kwa namba ya siri asiyoijua. Kituoni angalau jirani alimwona mpokeaji akihesabu. Katika simu hakuna shahidi.

Kwingineko jambo hili limefikiriwa, na hakuna aibu kujifunza. Zanzibar ilianza kutoa Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefikisha umri wa miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, na fedha hizo zikawa za mzee mwenyewe, si za kaya. Huko Marekani, anayeteuliwa kupokea mafao ya mtu asiyeweza kuyasimamia mwenyewe hutakiwa kuyatumia kwanza kwa mahitaji ya mwenye mafao na kutunza hesabu za matumizi hayo, na akiyafuja anaweza kushtakiwa. Funzo la kwanza ni kumtambua mwenye fedha kwa jina lake. La pili ni kwamba anayepokea kwa niaba ya mwingine hadaiwi uaminifu tu, bali pia hesabu.

Tanzania nayo haikosi sheria. Anayekabidhiwa mali kwa niaba ya mwingine na kuigeuza yake kwa hila anaweza kushtakiwa kwa wizi chini ya Kanuni ya Adhabu, na sheria haimpunguzii kosa kwa kuwa aliyeibiwa ni mama yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilielekeza kuwepo kamati za kuangalia ustawi wao hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao mzee anaweza kuwaendea bila kulipa wakili.

Lakini ni mzee gani atakayemshtaki mwanawe? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama anajua kwamba kijana huyo huyo anayemla ndiye anayemchotea maji, mbaya alivyo. Akifungwa, nani atamwongoza chooni? Kwa hiyo mama hunyamaza, na kijiji huuchukua ukimya wake kuwa ni ridhaa. Sheria inayomngoja mzee alalamike kwanza ni sawa na zahanati inayomngoja mgonjwa mahututi aje kwa miguu.

Dawa ya kwanza, basi, si gereza. Dawa ya kwanza ni mwanga. Malipo yanapotoka, kiasi na tarehe vitangazwe kijijini kwa sauti, katika mikutano na nyumba za ibada, ili neno "hazijatoka" lisipate pa kusimama. Mzee asiyeweza kufika kituoni ataje mwenyewe, mbele ya mashahidi, mtu anayemwamini kupokea kwa niaba yake, na aruhusiwe kumbadilisha bila kudaiwa sababu ndefu. Wajumbe wa kamati na baraza la wazee wamtembelee nyumbani baada ya malipo, wamsikilize bila mpokeaji kuwepo, na waangalie chungu na blanketi. Mlezi anayefanya kazi yake vyema atambuliwe hadharani. Anayefuja aondolewe uwakilishi mara moja, na akirudia afikishwe panapohusika.

Mambo hayo hayahitaji bajeti mpya. Yanamhitaji mtendaji wa kijiji asiyeona kazi yake imekwisha orodha ilipotiwa saini. Yanamhitaji ofisa ustawi wa jamii anayefika Nkololo na Dutwa bila kungoja ziara ya mkubwa. Yanamhitaji mwalimu, kwa kuwa mwalimu ndiye jirani ambaye mzee humpelekea karatasi asomewe, na mara nyingi mtoto wa nyumba hiyo yuko darasani kwake. Mtoto anayekuja shuleni akisimulia kwamba bibi hakula jana ametoa taarifa, hata kama hakujua.

Watumishi wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa vijijini peke yao. Wengi wao huwatumia wazazi fedha kupitia kwa ndugu aliyebaki nyumbani, na hawajauliza kwa mwaka mzima kama zilifika. Wao wenyewe watastaafu. Pensheni itakayolipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanza kazi mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia, itaingia benki mwezi hadi mwezi. Siku kiharusi kitakapompooza mstaafu mkono na ulimi, kadi yake na namba yake ya siri vitakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Utaratibu atakaousaidia kuujenga leo kwa ajili ya mama kipofu wa Bariadi ndio utakaomlinda yeye kesho.

Ng'ombe wa Usukuma hawalindwi kwa fimbo tu. Wanalindwa kwa sababu wanajulikana. Jirani anajua idadi yao, rangi zao na alama zao, na mmoja akikosekana jioni ataulizwa alipo. Fedha za mzee zinaibiwa kwa sababu hakuna azijuaye wala azihesabuye. Kijiji kinachoweza kukumbuka rangi ya ndama wa jirani hakishindwi kukumbuka tarehe ya malipo ya mama asiyeona. Siku hiyo ikifika, jirani apite kwake jioni, akae, amsalimu, kisha amwulize swali moja tu: "Mama, umepata?"