Kipande cha Uvimbe Nacho ni Msafiri

Mgonjwa wa saratani ya titi wa Micheweni au Mkoani anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road huvuka bahari hadi Dar es Salaam. Twamhangaikia kwa nauli na mahali pa kufikia. Kipande cha uvimbe wake, ambacho huenda kikamtangulia maabara, twakisahau. Nami naona hilo ni kosa kubwa.

Asilimia 15 hadi 20 hivi ya saratani za matiti huwa na protini ya HER2 kwa wingi mno juu ya utando wa seli. Trastuzumab, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huishika protini hiyo, ikazuia ishara za ukuaji na kuziita seli za kinga. Sehemu yake humezwa: utando hujikunja, hufanya kifuko, kifuko kikazama ndani. Hata hivyo HER2 si nyepesi kuzama. Nyingi hurudishwa juu, mfano wa mgeni aliyeingizwa ukumbini kisha akarejeshwa barazani. Trastuzumab emtansine, ya mwaka 2013, hutegemea zaidi kumezwa huko, kwani sumu iliyobeba hufunguka kingamwili ikishasagwa ndani ya lisosomu. Pasipo HER2 ya kutosha juu ya seli, mgonjwa wa titi hulipia trastuzumab bure, na moyo wake waweza kudhurika.

Protini hiyo haijulikani kwa kupapasa. Hupimwa katika kipande kilichotiwa ndani ya formalini kabla ya saa moja kupita, kikakaa humo saa 6 hadi 72. Kikiachwa mezani katika joto la Chake Chake, protini huharibika, na jibu huweza kusema haipo ilhali ipo. Mgonjwa atanyimwa tiba, wala hakuna atakayejua.

Wapo watakaosema: dawa yenyewe ghali, ya nini taabu hii? Lakini kipande hichohicho hupimwa vipokezi vya estrojeni, ambavyo dawa yake, tamoksifeni, ni ya bei nafuu. Tena kikishahifadhiwa katika nta hudumu miaka, kikaweza kupimwa upya.

Basi chupa ya formalini iwe tayari kabla ya kisu, na saa ya kukata na ya kutia ziandikwe juu yake. Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza: kipande changu kimetiwa dawa saa ngapi?