Ilunga, jina lenye habari ndefu

Ukiita "Ilunga!" sokoni Katuba au Kamalondo, jijini Lubumbashi, hakosekani mtu wa kugeuka.

Jina hili ni la kale. Masimulizi ya Waluba yanamtaja Ilunga Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda mjomba wake Nkongolo akautwaa ufalme. Walunda nao wana Chibinda Ilunga, mwindaji vilevile, aliyemwoa malkia Ruwej. Jina moja, chimbuko la falme mbili! Miaka ya karibuni lilifika hata Kinshasa: Sylvestre Ilunga Ilunkamba, mtu wa Katanga, alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo kuanzia 2019 hadi 2021.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, yakabaki ya asili kama Ilunga. Ulikuwa ubabe, na utawala wake ulipolegea akina Jean na Joseph walirudi.

Lakini leo wazazi wengi huandikisha Ilunga kwa mazoea tu. Mtoto anaijua habari ya Musa na Farao, hamjui Kalala wala Nkongolo. Hilo linauma. Shule za msingi za mkoa wa Haut-Katanga ziyafundishe masimulizi haya, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wa Lubumbashi huchezea barabarani kila siku.